Moto kubwa ya okazio: tuanze na kiti ya nyuma

Kila mwisho wa mwaka, wakati watumishi wa migodi wanapata mwezi wa kumi na tatu, mu Kolwezi habari inakuwa paka moja: moto. Pale watu wanangojea bisi ya posti ya usiku, telefone zinapita mukono kwa mukono. Picha ya Honda yenye imetoka Bulaya, picha ya BMW yenye iko Lubumbashi, bei, rangi, kilometa. Hatusemi zile moto ndogo za 125 na 150 zenye bamanseba wanabebea watu mu mji. Tunasema moto kubwa, ya 600 na kuendelea, yenye mutu anatafuta juu ya kutoka na bibi yake Siku ya Posho asubui, kwenda kusalimia wazazi Likasi ao kulala Lubumbashi kwa ndoa ya mutoto wa ndugu, na kurudia Siku ya Yenga bila kufinyana mu gari ya watu.

Mimi sina neno na ile. Mutumishi mwenye amefanya kazi mwaka muzima mu mavumbi ana haki ya kutembea na bibi yake. Lakini mu zile picha zote, na mu maneno yote ya pale ku areti ya bisi, kuna mutu moja mwenye hakuna anamuuliza: yule atakaa nyuma. Watu wanauliza nguvu ya motere, wanauliza inafika kilometa ngapi kwa saa, wanauliza sauti ya eshapema. Kiti ya nyuma hawaiangalie hata.

Mu komite ya hijeni na usalama, siye madelege wa sendika tunazoea kuuliza ulizo moja mbele ya kila mashini: kama hii kitu inaharibika, nani ataumia, na ule mutu ana freni mu mukono wake? Kwa moto jibu ni wazi. Mwenye kuendesha ana gidoni, ana freni mbili, anaona shimo mbele ya kuingia ndani. Mwenye kukaa nyuma hana kitu. Iko sawa na mutumishi mwenye kusinzia mu bisi saa kumi ya usiku: uzima wake uko mu mikono ya mwengine. Njo sababu ninasema, moto ya watu wawili inachaguliwa kuanzia nyuma, kisha tunakwenda mbele.

Kuna mutu wa kazi, jina sitasema, alinunua moto ya mbio, silinda nne, rangi nyekundu, nzuri kweli. Kiti ya nyuma ilikuwa kubwa kama sahani ya chai. Fasi ya kuweka miguu ilikuwa juu sana, magoti ya bibi yake yalikuwa yanatafuta mbavu. Walitoka Kolwezi asubui kwenda Likasi, kilometa karibu 180. Pa Fungurume mama akashuka, akavua kaske, akamupa bwana yake mu mukono, akapanda gari ya watu. Kisha miezi tatu moto ikauzishwa kwa hasara. Na ile moto haikuwa mbaya, muelewe muzuri. Ilitengenezwa kwa mutu moja mwenye kulala juu ya tanki, mu barabara yenye haina mashimo.

Hesabu ya kilo

Kila moto ina uzito wa mwisho wenye fabriki ilikubali: moto yenyewe, mafuta, watu wawili, na mizigo, vyote pamoja. Kama moto inatoka Ubelgiji, Ufaransa ao inchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, karatasi yake ya kule, ile Wafaransa wanaita carte grise, ina alama zenye ziko sawasawa mu inchi zote. Omba mwenye kuuzisha akuonyeshe. Kwa moto, pa F.2 njo kuko uzito wa mwisho. Pa B ni tarehe moto iliandikishwa mara ya kwanza, na ile tarehe haibembelezwi kama vile tabulo ya kilometa. Pa E ni namba ya shasi. Pa P.1 ni ukubwa wa motere. Pa S.1 ni hesabu ya viti. Ukikuta pa S.1 wameandika 1, rudisha karatasi, sema aksanti, na uende. Ile moto ni ya mutu moja, hata kama wameibandika kiti ndefu.

Sasa chukua kalamu. Tuseme F.2 ni kilo 400, na moto yenye tanki kujaa inapima 215. Inabaki 185. Bwana anapima 80, bibi 70: jumla 150. Kaske mbili, buti, jaketi nzito za wote wawili, weka 12. Tumefika 162. Kwa mizigo kunabaki kilo 23. Mufuko moja wa unga wa kilo 25, ule mama anapenda kupelekea mama yake Likasi, tayari umepita mupaka. Na hatujaweka bado ile sanduku ya nyuma, ile ya plastiki, na chuma yake ya kuikamata.

Watu wanadanganyika na ukubwa wa motere. Wanafikiri 1000 lazima itabeba kushinda 650. Apana. Kuna moto za mbio za 1000 zenye zinakubali mizigo kidogo kuliko 650 ya safari, juu zenyewe zilifanywa kwa kukimbia. Nguvu ya kuvuta ni kitu moja, nguvu ya mugongo ni kitu ingine. Kila mutu mwenye alibebaka mifuko mu depo anajua ile tofauti.

Mugongo wa moto ni amotisere ya nyuma. Juu ya moto ya okazio, njo kitu cha kwanza kinachoka na cha mwisho watu wanaangalia. Simama kando, weka mikono mbili juu ya kiti ya nyuma, finya na uzito wako wote, kisha acha. Moto inapashwa kushuka, kupanda mara moja polepole, na kusimama. Ikirukaruka kama kitanda ya zamani, amotisere imekufa. Pitisha kidole ku nondo yake: ukikuta mafuta, imekufa vilevile. Kisha uliza fasi gani wanakazia resori wakati mutu wa pili anapanda. Moto nzuri za safari zina kifungo ya kuzungusha na mukono kando ya kiti. Zingine zinaomba ufunguo ndani ya sanduku ya vyombo. Kama ile fasi imeshika kutu na haizunguke tena, hata siku moja haikupangwa kwa watu wawili, basi bei ishuke ao wewe uende.

Mama apande mbele ya bei

Usiende kuangalia moto peke yako. Hii ninaikazia. Niliona mu garaji moja ya Lubumbashi, kule Kampemba, namna mambo inapashwa kwenda. Bwana na bibi walikuja pamoja, siye tulikuwa tunangojea gari yetu. Kijana mwenye kuuzisha alikuwa na mudomo mutamu.

— Papa, hii moto ni ya Bulaya, muzungu alikuwa anaipanda paka Siku ya Yenga. Haiyaona hata mavumbi.

— Mwanangu, ishikilie, mi nipande kwanza, mama akasema.

— Mama, utapanda kisha, tuongee kwanza bei na papa.

— Bei gani, na mi siyapanda?

Akapanda. Akakaa pale dakika kumi nzima, moto ikiwa imesimama, bwana mbele, wote na kaske ku kichwa. Kijana akachoka, akaenda kutafuta maji. Kisha ile dakika kumi mama akasema kiti iko muzuri lakini mukono wa kuume hauna fasi ya kukamata. Kweli, chuma ya kukamata ya upande ule ilikuwa imekatika na wameifunika na rangi. Moto iliangukaka. Ile «paka Siku ya Yenga» ikaisha pale pale, na bei ikashuka. Walinunua.

Kitu gani mwenye kukaa nyuma anaangalia? Magoti kwanza: yasikunjwe kupita vile anakaa ku kiti ya chini ya jikoni. Kiti iwe karibu sawa kwa urefu na ya mbele, isiteremuke, juu kiti yenye kuteremuka inamusukuma mu mugongo wa bwana kila wakati anafunga freni, na kisha kilometa 50 wote wawili wanakasirika. Fasi ya kukamata iwe pande mbili, ya chuma ao plastiki nguvu, si ile mukaba ya ngozi katikati ya kiti. Mikono ikifika pale bila kunyoosha mabega, ni sawa. Halafu eshapema: kwa moto za safari mara mingi iko juu, upande wa kuume, karibu na mguu wake. Ikiwa ile kifuniko ya kuzuia moto imepotea, liputa itaungua, na ngozi pia.

Juu ya liputa, tuseme wazi. Ku moto ya manseba mama anakaa upande moja na miguu yote miwili upande moja, mwendo mudogo, kilometa mbili tatu. Ku moto ya kilo 200 mwenye kwenda 80 kwa saa ile haiwezekane. Uzito wote unavuta upande moja, na mu kona moto inakataa kurudi. Suruali chini, liputa mu mufuko, utaivaa mukifika. Kuna wazee wa kanisa watasema. Waseme. Na mutoto hakai katikati. Mbili ni mbili.

Moto gani?

Hapa kila mutu ana dini yake, nami nitasema yangu.

Honda Transalp ilianza mwaka 1987, motere ya silinda mbili kwa mufano wa V, cc 583. Mwaka 2000 ikakuwa 650, mwaka 2008 ikakuwa 700 na enjeksioni. Ile ya 600 na ya 650 ziko na kabiratere, fundi wetu anaifungua, anaipangusa, anaifunga, bila ordinatere. Magurudumu ni ya rayoni na ndani kuna shambre, kwa hiyo kwado yoyote wa kando ya barabara anaweza kukusaidia. Kiti ni ndefu na pana, mutu wa nyuma anakaa kama mutu. Ugonjwa wake wenye kujulikana ni regilatere, ile kitu kidogo yenye kupanga umeme wa batri. Kuipima haiombe kitu kikubwa: washa motere, ongeza moto kidogo, weka voltimetri ku batri. Inapashwa kuonyesha karibu volti 14. Ukikuta chini ya 13 ao juu ya 15, kuna neno, na ile neno itakusimamisha pori.

Suzuki V-Strom 650 ilitoka mwaka 2004. Motere pia ni V, cc 645, na enjeksioni, na za miaka ya kwanza zina tanki ya litri 22. Ukihesabu litri tano kwa kilometa 100, unatoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, kilometa karibu 300, bila kusimama ku kituo, na bado inabaki. Kwa mutu wa nyuma, mimi ninaona ni moja ya zile nzuri zaidi kwa ile bei. Ubaya wake ni huu: filitri ya mafuta na bomba ya eshapema ziko mbele ya motere, uchi, pale gurudumu inarusha mawe. Kama haina sahani ya chuma ya kuifunika chini, itafutie moja mbele ya kutembea ku barabara yetu. Jiwe moja tu, mafuta yote yako chini.

Yamaha XT600 watu wanaipenda, na mimi pia ninaipenda, lakini peke yangu. Silinda moja, inapozwa na hewa, haina maji, haina mambo mingi. Mu udongo inapita fasi yote. Lakini inatetemeka, kiti ni nyembamba, na kisha saa moja mwenye kukaa nyuma hasikie tena miguu. Kawasaki KLR650, yenye iko Afrika ya Kusini mingi, ni ndugu yake: silinda moja, nguvu, tanki kubwa, lakini ya mutu moja na mizigo yake zaidi kuliko ya watu wawili. Africa Twin ya zamani, ile 750 ya mwaka 1990 mpaka 2003, inabeba watu wawili vizuri sana. Tu ni ndefu, mutu mufupi atashindwa kuikamata wakati mama anapanda, na pampu yake ya mafuta inazoea kukufa bila kuaga.

BMW R1200GS, ya kuanzia 2004, ni mashini. Haina shene, nguvu inapita mu mushipa wa chuma ndani ya bomba yenye kufungwa, na mu mavumbi yetu ile ni baraka. Kwa watu wawili inakaa ku barabara kama gari. Lakini zile za miaka ya kwanza zina kitu kama pete pale pa ufunguo, yenye kusoma alama ya ufunguo. Ile pete ikikufa, motere haiwake, na fundi wa kando ya barabara hata akiwa na mikono ya zahabu hataiwasha. Inaomba ordinatere yake. Mwenye kuwa na mutu wa ile kazi karibu, anunue. Mwenye hana, aangalie na kupita.

Kwa mutumishi mwenye feza ya mara moja, mimi ningechagua kati ya Transalp 650 na V-Strom. Kama safari zenu ni za gudroni na mama anataka kiti pana, V-Strom. Kama kijiji ya wazazi iko kilometa 40 ndani ya udongo mwekundu, Transalp.

Na feza yenyewe? Ukiwa na 4.000 dola, moto isipite 3.000. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 2003, wakati watumishi zaidi ya elfu 10 walitoka Gécamines kwa kile waliita departs volontaires. Kuna wenye walitia feza yote ya mwisho mu minibusi ya okazio, na siku minibusi iliomba pine na gerboksi, mukono ulikuwa mutupu. Ile dola 1.000 ya kubaki ina majina tayari: pine mbili, shene, plaketi za freni, kaske ya pili.

Mu garaji

Fika bila kutangaza saa, na gusa motere na mukono. Ikiwa moto tayari, wameiwasha mbele yako juu ya kuficha namna inaamuka, rudi kesho. Motere baridi inasema kweli. Moshi wa bluu ni mafuta yanaungua. Moshi mweupe wenye haumalizike, na mafuta yenye rangi ya maziwa pa kifuniko, ni maji yameingia mu motere. Usinunue ile, hata kwa bei ya mboga.

Kilometa usiziamini, amini mipira: mipira ya kuweka miguu, ya pedali ya freni, ya mikono ku gidoni. Tabulo inasema 25.000 na mipira ya miguu imelimika mpaka chuma? Basi mutu alitumika na tabulo. Vuta shene kwa nyuma ya kuroni: ikitoka mpaka unaona nusu ya jino, imeisha, na kuroni yake nayo. Inua gurudumu ya mbele, zungusha gidoni polepole. Ikikamata kidogo pale katikati, rulma ya shingo imeisha. Kamata gurudumu ya nyuma, sukuma kushoto na kuume; kitu kisicheze. Kwa mutu moja ile kucheza kidogo inavumilika. Kwa wawili, pa 90 kwa saa, nyuma inaanza kucheza rumba.

Pine, watu wanaangalia mistari tu. Angalia namba. Kuna namba nne mu kisanduku kidogo pa ubavu: 2319 maana yake juma ya 23 ya mwaka 2019. Pine ya miaka mingi, hata yenye mistari mizuri, imekauka, mu mvua inateleza kama sabuni. Kisha kuna namba ya uzito: 65 inabeba kilo 290, 66 inabeba 300, 69 inabeba 325. Usikubali wakuwekee nyuma pine ya namba ya chini ya ile fabriki iliandika, juu ni wewe na mama mutakuwa juu yake. Na upepo: moto nyingi za ile kipimo zinaomba nyuma karibu bari 2,8 ao 2,9 wakati watu ni wawili. Kibandiko yake inakuwa ku mukono wa nyuma ao chini ya kiti. Mutu wa pompi atakuambia «iko sawa papa» na kidole gumba, umuonyeshe kibandiko.

Freni: pa disiki kumeandikwa MIN TH na namba ya milimeta. Ile njo mwisho wake. Pima. Moto ya kilo 215 yenye mutu moja na ile ile yenye watu wawili hazisimame pa fasi moja, na barabara yetu si ya kucheza. Kati ya Kolwezi na Likasi unatembea katikati ya magari makubwa ya katode, ya kobalti, na ya asidi. Watu wa Kabwe hawajasahau mwezi wa pili wa 2019, wakati lori ya asidi ilipinduka na kuua watu. Ukiwa nyuma ya ile lori na mama yuko mugongoni mwako, freni ya okazio isiwe habari ya kubahatisha.

Jambo moja dogo kwa moto zenye zinatoka Afrika ya Kusini ao Zambia: kule wanatembea kushoto. Mara mingi taa ya mbele imepangwa kutupa mwangaza upande wa kushoto, na huku kwetu ile ni mu macho ya mwenye kukuja. Ukiongeza uzito wa mutu wa nyuma, pua ya moto inainuka, na mwangaza unapanda zaidi. Angalia usiku, mbele ya ukuta, mama akiwa juu.

Karatasi: namba ya shasi yenye kupigwa ku chuma pa shingo ya moto, herufi na tarakimu 17, isomwe moja moja na ilingane na karatasi. Mu zile 17 hakuna I, hakuna O, hakuna Q. Ukiziona, ni mutu alipiga na nyundo yake. Pita na deklarani wako wa duane mbele ya kulipa, isiwe kisha kulipa. Moto yenye haina karatasi ya duane haitapata carte rose, na bila carte rose kila bariere itakula ku mufuko wako mpaka ile bei ya chini uliyoshangilia inakuwa bei ya juu.

Kaske ya pili

Nimeona watu wenye kaske ya dola 200 ku kichwa yao, na bibi nyuma na ile kofia ya plastiki ya shantie. Ile kofia ni ya kuzuia jiwe lenye kuanguka kutoka juu, haina kazi ku barabara. Kaske ya moto yenye kupimwa ina kitambaa kidogo chenye kushonwa ku mukaba wa kidevu: E ndani ya kiviringo na namba ya inchi, E6 kwa Ubelgiji, E2 kwa Ufaransa, E1 kwa Ujerumani, kisha 05 ao 06 pa mwanzo wa namba ndefu. Wote wawili ile ile. Na isiwe ya okazio, hata kama moto ni ya okazio. Kaske yenye iliangukaka haionyeshe kidonda yake.

Mukishanunua, safari ya kwanza iwe fupi, Kolwezi mpaka Fungurume na kurudi. Kaza resori ya nyuma mbele ya kutoka. Mupatane alama: kugusa bega mara moja ni punguza, mara mbili ni simama, na ukisimamishwa usiulize kwanza juu ya nini. Yeye asipande ao kushuka mbele wewe kusema, ukiwa na miguu miwili chini na freni ya mbele mu mukono. Mu kona aangalie juu ya bega lako la ndani, mwili wake utafwata. Kisha kilometa 500, kaza tena shene, juu uzito wa wawili unaivuta haraka.

Na siku moja ile juma ya kwanza, mupe ndugu yako mwenye permi ufunguo, ukae wewe nyuma, akupeleke kilometa kumi ku ile barabara yenye mashimo.